Nitro si Petroli: Kuchagua na Kuboresha Gari la Kwanza la Rimoti Lenye Injini

Mwezi uliopita kijana mmoja wa mtaani kwetu Pasiansi, hapa Mwanza, alinijia na gari la rimoti alilotumiwa na mjomba wake anayeishi nje ya nchi. Lilikuwa na urefu wa kama dhiraa moja, matairi yenye meno makubwa, na chini ya bodi yake ya plastiki kulikuwa na injini ya kweli yenye kabureta, klachi na bomba la moshi. Mkononi alishika chupa ya maji ya kunywa iliyojaa petroli aliyoinunua kituoni. Alikuwa amevuta kamba ya kuwashia mpaka kiganja kikaota malengelenge, na injini ilikuwa haijakohoa hata mara moja. "Shikamoo, baba mdogo," alisema, "fundi kaniambia hili limenoki." Halikuwa limenoki. Lilikuwa limenyweshwa kitu kisichokuwa chake, na petroli ile isiyo na oili ilikuwa inaosha ulainisho wote uliowekwa ndani ya injini kiwandani.

Kwa kuwa video za magari haya zimeenea kwenye simu, na kwa kuwa neno "nitro" linatajwa kila mtu akiwa na maana yake, nimeona ni vema kulieleza jambo hili kuanzia mwanzo: kinachowaka ndani ya injini hizi, gari lipi linamfaa anayeanza akiwa hapa Mwanza, na fedha ya maboresho iende wapi kwanza.

Neno moja, vitu vitatu

Watu wengi wakisikia nitro hufikiria ile mitungi ya gesi inayofungwa kwenye magari makubwa ya mashindano, ambayo dereva hubonyeza kitufe na gari likachomoka. Hiyo ni gesi ya oksidi ya nitrasi, na haihusiani na magari haya madogo. Wengine, hasa waliowahi kufanya kazi migodini upande wa Geita, hufikiria baruti, na huogopa kwamba gari litalipuka mkononi. Hiyo nayo ni kitu kingine. Nitro ya magari ya rimoti ni nitromethani, kimiminika kinachochanganywa na vitu vingine viwili ili kupata mafuta ya injini: methanoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa zaidi, na oili ya kulainisha, ambayo mara nyingi ni ya mbarika, ya kutengenezwa viwandani, au mchanganyiko wa zote mbili. Katika chupa ya kawaida ya magari, nitromethani huwa kati ya asilimia 10 na 30, oili huwa kati ya asilimia 8 na 18 hivi, na kinachobaki ni methanoli.

Kwa nini kuhangaika na nitromethani? Jibu liko kwenye hewa. Ili kilo moja ya petroli iungue vizuri, inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa. Kilo moja ya methanoli inahitaji takribani kilo 6.5, na kilo moja ya nitromethani inatosheka na kilo 1.7 tu, kwa sababu ndani yake tayari kuna oksijeni. Mama anayepuliza jiko la mkaa kwa kipepeo anajua kwamba moto haukosi mkaa, unakosa hewa. Nitromethani ni kama mkaa uliokuja na kipepeo chake. Kilo kwa kilo ina nishati ndogo kuliko petroli, lakini kwa pumzi ileile ya hewa inayoingia kwenye silinda unaweza kuunguza nyingi zaidi, na hapo ndipo nguvu inapotoka. Ndiyo maana pia magari haya yanakunywa mafuta kwa kasi inayowashangaza waliozoea bodaboda.

Injini yenyewe ni ya aina ya tustroki, na wavuvi wa Mwaloni Kirumba wanaielewa nusu yake bila kufundishwa, kwa sababu injini nyingi za kupachika kwenye mitumbwi yao zilikuwa na bado ni za aina hiyo: oili haina chumba chake, inasafiri ndani ya mafuta na kulainisha njiani. Nusu ya pili ndiyo inayowachanganya hata mafundi wazuri. Injini ya nitro haina cheche. Haina koili wala waya wa umeme unaokwenda kwenye plagi. Plagi yake ina uzi mwembamba uliojipinda wa madini ya platinamu, na unapotaka kuwasha unaupa umeme wa betri ndogo ya volti 1.5 hivi mpaka uwe mwekundu. Injini ikishika, unaondoa betri, na uzi unaendelea kuwaka wenyewe, kwa sababu mvuke wa methanoli unapogusa platinamu huzalisha joto, na kila mlipuko ndani ya silinda unauongezea. Ni kama kaa lililofunikwa majivu: halina moto, lakini pumzi moja inatosha kuliamsha. Plagi za aina hii zilienea baada ya Ray Arden wa Marekani kuzileta kwa waunda ndege ndogo mwaka 1947, na kanuni yake haijabadilika.

Sasa inaeleweka kwa nini petroli ya yule kijana haikufanya kazi. Petroli haina ule uhusiano wa methanoli na platinamu, hivyo hakuna kinachowaka, na mipira ya silikoni inayopitisha mafuta huvimba na kulegea ikiguswa na petroli. Yapo magari ya rimoti yanayotumia petroli, lakini ni makubwa zaidi, injini zake kwa kawaida huwa na ujazo wa sentimita za ujazo 23 na kuendelea, na yana plagi za cheche. Ukiambiwa "yote ni injini tu", usikubali.

Kabla ya gari, mafuta

Ushauri wangu kwa anayetaka kununua ni kwamba aanze kutafuta mafuta, na gari lifuate baadaye. Nimeona magari matatu hapa mjini yakigeuka mapambo ya kabati kwa sababu mwenye gari alileta gari bila kujua chupa ya pili ya mafuta itatoka wapi. Mafuta haya hayauzwi kwenye kituo cha petroli. Huagizwa, na kwa kuwa yanashika moto haraka, hayaruhusiwi kwenye mizigo ya abiria wa ndege, iwe ya mkononi au ya chini. Ndugu anayekuja kutoka Ulaya anaweza kukuletea gari jipya, plagi na vichujio, lakini asithubutu kukuletea chupa ya mafuta begini. Hata huko alipo huenda asipate mafuta makali, kwa sababu Umoja wa Ulaya, kwa kanuni iliyoanza kutumika mwaka 2021, unazuia mwananchi wa kawaida kununua mchanganyiko wenye nitromethani zaidi ya asilimia 16 bila kibali. Kwa anayeanza hilo si hasara. Injini nyingi za kuanzia hufanya kazi vizuri kwa asilimia 16 hadi 20, na imani kwamba nitro nyingi zaidi ni mwendo zaidi hugharimu watu plagi na pistoni.

Piga hesabu mapema. Gari la ukubwa wa moja ya nane, yaani lililopunguzwa mara nane kutoka kwenye gari halisi, mara nyingi lina tangi la mililita 125. Lita moja inalijaza mara nane, na kila tangi ni kama dakika kumi za kuendesha, pungufu ukiwa na mkono mzito. Gari la moja ya kumi lenye tangi la mililita 75 linajazwa mara kumi na tatu kwa lita hiyohiyo. Na tangi tano au sita za mwanzo utazitumia kuizoesha injini tu, bila mwendo wowote wa kujivunia. Ukiona kwamba huwezi kupata angalau lita nne kwa mwaka kwa njia ya uhakika, nunua gari la umeme. Nasema hivi nikiwa mpenzi wa nitro. Magari ya umeme yenye mota zisizo na brashi na betri za lithiamu hayana usumbufu huu, na mengi yanayapita ya nitro kwa mwendo. Anayechagua nitro anachagua injini: harufu yake, sauti yake, na kazi ya bisibisi.

Kuna jambo moja linalonitia hofu kuliko yote, na naomba lisomwe polepole. Methanoli ni sumu. Ikiingia mwilini hubadilika kuwa asidi inayoharibu mshipa wa macho, na kiasi kidogo kinaweza kumpofusha mtu mzima au kumwua. Dalili kali zinaweza kuchelewa kwa saa nyingi, hata siku nzima, kwa hiyo aliyekunywa anaweza kuonekana mzima huku anaumia. Mafuta haya mara nyingi hutiwa rangi ya waridi, ya bluu au ya kijani, na kwa mtoto hayana tofauti na juisi. Usiyahamishie kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Yaache kwenye chombo chake chenye maandishi, kifuniko kikiwa kimekazwa, mahali pa juu penye kufuli. Mtu akiyanywa, mkimbizeni hospitali hapohapo na mbebe chombo hicho mkononi, kwa sababu dawa ya kuzuia madhara ipo na inasaidia zaidi ikitolewa mapema. Zaidi ya hayo, moto wa methanoli karibu hauonekani mchana wa jua, kwa hiyo ukiona hewa juu ya gari inatetemeka na plastiki inanyauka bila moto kuonekana, ujue linaungua. Uwe na ndoo ya mchanga karibu kila unapojaza tangi.

Lipi la kuanzia nalo

Kwenye maboksi utaona namba kama .12, .18, .21 au .28. Hizo ni sehemu za inchi ya ujazo, na kwa vipimo vyetu ni karibu sentimita za ujazo 2, 3, 3.5 na 4.6. Injini ya .21 basi ina ujazo pungufu ya kijiko cha chai, ilhali ya bodaboda huwa 100 hadi 150. Lakini hii ndogo inaweza kupita mizunguko 30,000 kwa dakika, yaani mara 500 kwa sekunde moja. Kwa hiyo kosa dogo ambalo bodaboda ingelivumilia wiki nzima, hapa linamaliza pistoni kwa dakika tano.

Kwa barabara na viwanja vya Mwanza, mimi ningeacha kabisa magari ya lami yaliyo chini kama mkeka, hata yakiwa mazuri namna gani. Changarawe zetu, mifereji ya mvua na mawe yanayochomoza kila mahali vinahitaji gari lililo juu. Chaguo langu kwa anayeanza ni gari la aina ya bagi, yaani gari jepesi la kukimbia kwenye vumbi na njia mbovu, la ukubwa wa moja ya nane lenye injini ya .21, linaloendeshwa na magurudumu yote manne. Au, kwa mfuko mdogo zaidi, gari la mfano wa pikapu la moja ya kumi lenye injini ya .15 au .18. Nunua lililokwisha kuunganishwa. Yale ya kuunganisha mwenyewe yana mafunzo makubwa, lakini skrubu moja iliyokosa gundi yake huja kulegea katikati ya uwanja, na mgeni hajui aanzie wapi kutafuta.

Kuhusu kampuni, kigezo ni spea. Kyosho ya Japani na Traxxas ya Marekani zimetengeneza magari ya nitro kwa miaka mingi na kila kipande kina namba yake ya kuagizia, hata skrubu. Yapo magari ya bei nafuu kutoka China ambayo si mabaya, na baadhi yana spea nyingi mtandaoni, ila kabla ya kulipa jaribu kutafuta vitu vitatu tu vya gari hilohilo: gia kubwa, mkono wa chini wa gurudumu la mbele, na seti ya klachi. Vikipatikana, gari hilo lina maisha. Visipopatikana, liache, hata muuzaji akupunguzie bei nusu kwa nusu.

Ukinunua lililotumika, omba lifunguliwe plagi. Kisha, ukiwa na plagi mkononi, zungusha flaiwili, lile gurudumu dogo la chuma linalozunguka pamoja na injini, polepole kwa kidole gumba. Injini hizi hazina ringi za pistoni. Silinda yake, iliyotengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na zinki na kupakwa kromu, imebanwa kidogo upande wa juu, na pistoni ya aluminiamu hupanda mpaka inakwama kwa upole kwenye mbano huo. Injini ikipata moto, silinda hutanuka na mbano unakuwa sawasawa. Kwenye injini nzima, kidole kitasikia ugumu pistoni inapofika juu. Ikizunguka kwa ulaini kama gurudumu la toroli, mbano umekwisha, na unachonunua ni bodi na matairi. Watu wengi huelewa jambo hili kinyume: hukimbia injini mpya wakidai ni ngumu kupita kiasi, na hushangilia iliyochoka kwamba "inazunguka safi".

Kuizoesha, na hewa ya Mwanza

Kuizoesha injini mpya maana yake ni kuipitisha kwenye joto na ubaridi mara kadhaa ikiwa na mafuta mengi ya kulainisha, ili pistoni na silinda zipate kufahamiana. Kabureta ina skrubu tatu za kuzijua. Ya kwanza hupima mafuta ya mwendo wa juu, ya pili mafuta ya mwendo wa chini, na ya tatu ndiyo ya sailensi, inayoamua injini ingurume kiasi gani gari likiwa limesimama. Ukigeuza skrubu ya mafuta kufuata mwelekeo wa saa, unapunguza mafuta, na huo tunauita mchanganyiko mwepesi. Ukigeuza kinyume, unaongeza, na huo ni mchanganyiko mzito. Mchanganyiko mzito hutoa moshi mwingi wa buluu na gari huwa zito kuondoka. Mchanganyiko mwepesi hukimbia kwa sauti kali tamu, na ni sauti hiyo inayowadanganya vijana, kwa sababu injini inakauka oili na kupata joto huku mwenyewe akifurahi.

Joto linalotakiwa kwenye silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, ni kati ya nyuzi 95 na 125 za selsiasi. Kipimajoto cha kuelekeza kwa mbali ndicho kifaa bora, lakini tone la maji linasaidia. Kwenye kimo chetu maji huchemka kwenye nyuzi kama 96, kwa hiyo tone likikaa tu juu ya silinda hedi bila kuchemka, injini bado baridi au inakunywa mafuta mengi. Likichemka na kukauka baada ya sekunde tatu hivi, uko salama. Likiruka na kutoweka papo hapo, zima injini na uongeze mafuta kwa skrubu.

Nimetaja kimo kwa makusudi, maana hapa ndipo maelekezo ya kwenye boksi yanapotupotosha. Uso wa Ziwa Victoria uko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mitaa yetu imepanda mawe kutoka hapo. Kwenye kimo hiki mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa kama asilimia 12 ukilinganisha na Dar es Salaam au Tanga. Injini inavuta hewa nyepesi, lakini tundu la mafuta halijapungua, kwa hiyo gari lililopimwa kiwandani karibu na bahari huwa zito likifika Mwanza: moshi mwingi, nguvu ndogo, plagi inalowa na kuzima. Wengi hudhani wameuziwa gari bovu. Dawa yake, baada ya kumaliza kuizoesha, ni kupunguza mafuta kidogo kidogo, skrubu igeuzwe kwa kiasi cha dakika tano kwenye uso wa saa, kisha gari liende mizunguko miwili ya uwanja kabla ya kugeuza tena. Sehemu ya nguvu iliyopotea kwa sababu ya kimo hairudi kwa bisibisi, na tukubali hivyo.

Hatari ni safari ya kinyume. Gari lililopimwa vizuri Mwanza, likipakiwa kwenye basi na kushushwa Dar es Salaam, linakutana na hewa nzito huku mafuta yake yakiwa yamepunguzwa. Litakimbia vizuri kuliko lilivyowahi kukimbia, kwa dakika chache, kisha litanoki. Anayeshuka pwani aongeze mafuta nusu ya robo mzunguko kabla ya kuwasha, na aanze kupima upya.

Fedha ya maboresho iende wapi

Gari langu la kwanza nililipoteza Luchelele, karibu na ufukwe. Betri nne ndogo zinazolisha kipokezi cha mawimbi zilicheza kwenye kisanduku chake kwa mtikisiko, umeme ukakatika, na mota ndogo iliyokuwa imeshikilia kabureta ikabaki ilipokuwa, mafuta yakiwa wazi kabisa. Gari la umeme likikosa umeme husimama. La nitro halihitaji umeme ili liendelee kukimbia. Lilipita hatua mbili kutoka kwa mama aliyekuwa anageuza dagaa juani, likapiga jiwe, na chasisi ikakunjika. Mpaka leo namwona yule mama akiinua uso wake.

Kwa hiyo boresho la kwanza ni la breki. Hakikisha rimoti yako, hasa hizi za sasa za mawimbi ya gigahezi 2.4, imepangwa ili mawimbi yakikatika mota ifunge mafuta na kukaza breki. Soma kijitabu chake uone namna ya kupanga, kisha ulijaribu gari likiwa limeinuliwa juu ya tofali, injini ikiwa imezimwa, kwa kuzima rimoti na kutazama kabureta. Mpangilio huo husaidia mawimbi yakipotea, lakini hausaidii umeme ukikatika wote, kwa hiyo badilisha kisanduku cha betri nne kwa pakiti moja ya seli tano zilizounganishwa kwa risasi, na uongeze spring'i ndogo inayorudisha kabureta kwenye kufungwa. Gharama ya vitu hivi vyote ni ndogo kuliko ya bomba la moshi la kung'aa ambalo kila mtu hulitamani kwanza.

Boresho la pili ni kichujio cha hewa. Mawe ya Mwanza ni matale, na vumbi lake lina punje za madini ya kwazi zilizo ngumu kuliko aluminiamu ya pistoni. Kichujio kikavu, au kilichokaa upande, hupitisha vumbi hilo moja kwa moja kwenye silinda, na ule mbano wa juu huisha ndani ya siku moja. Tumia kichujio cha sponji cha tabaka mbili, kilowekwe oili yake maalumu mpaka rangi ienee kote, na pale kinapoungana na kabureta kifungwe kwa kamba ya plastiki. Kioshe baada ya kila siku ya kuendesha, uwe na cha akiba kikavu tayari. Maji ya kuoshea, yenye oili, yamwage mbali na ziwa.

Baada ya hayo nenda kwenye kile kinachogusa ardhi: matairi ya changarawe yaliyogundishwa vizuri kwenye rimu, oili ya shokapu nzito kidogo kama gari linadunda, na beringi zenye vifuniko vya mpira. Hapo gari litakuwa na kasi zaidi uwanjani bila injini kuguswa, kwa sababu litakuwa linashika.

Kuhusu vyuma, kuna imani kwamba kila plastiki ibadilishwe kuwa aluminiamu. Si sahihi. Gia kubwa ya plastiki imewekwa ili ivunjike yenyewe kabla ya difu na klachi, kama fyuzi ya nyumbani inavyoungua kabla ya waya. Mkono wa gurudumu wa plastiki hupinda na kurudi. Wa aluminiamu hupinda ukabaki hivyo, au hupeleka pigo kwenye chasisi. Ukifunga gia, weka kipande cha karatasi ya daftari kati ya meno, bana, kaza skrubu, kisha toa karatasi: upenyo uliobaki ndio unaotakiwa. Ukitaka mwendo zaidi, weka bakuli la klachi lililozidi la zamani kwa jino moja tu, na ukumbuke kwamba utapoteza wepesi wa kuondoka na injini itapata joto zaidi kwenye viwanja vifupi.

Bomba la moshi la mashindano na injini kubwa vije mwisho. Bomba hurudisha wimbi la mgandamizo kwenye silinda kwa wakati maalumu, na kama skrubu za kabureta bado zinakushinda, bomba jipya litakuongezea tatizo juu ya tatizo.

Kila unapomaliza kuendesha, usiache mafuta ndani. Methanoli hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya ziwani ina unyevu mwingi. Mabaki yake hutia kutu beringi za injini usiku mmoja tu. Toa mafuta kwenye tangi, washa injini mpaka iishiwe, kisha tia matone matano ya oili nyepesi ya mashine kwenye tundu la plagi na kwenye kabureta, zungusha mara kadhaa, na ishushe pistoni chini ili isilale kwenye mbano. Zoea kufanya hivyo injini ikiwa bado vuguvugu.

Lile gari la kijana wa Pasiansi tulilifungua meza nzima. Tulikausha petroli, tukabadilisha mipira yote iliyovimba, tukalitia oili na kusubiri wiki tatu mpaka mafuta yake yakapatikana. Nilipoweka kidole kwenye flaiwili, mbano ulikuwa pale juu, mgumu na safi. Jumamosi alikuja kwenye uwanja na chombo cha mafuta chenye maandishi yake, ndoo ya mchanga na betri ya plagi iliyochajiwa, na kamba aliivuta mara mbili.